Ngano ya Van Gogh pale London: tathmini ya binti wa dereva wa kombaini

Nianze na hukumu, ili mwenye haraka aende zake. Mchoro wa Vincent van Gogh wa shamba la ngano lenye misaiprasi, ulioko National Gallery mjini London, unastahili nauli ya treni hata kama unakaa mbali na mji, na kuuona ni bure. Kopi zake kubwa zinazouzwa mtandaoni zisikutoe hela mfukoni. Nawaandikia hasa wenzangu tulioko huku Uingereza, ambao mgeni akija kutoka nyumbani tunamzungusha Big Ben, tunampeleka kupiga picha nje ya geti la Buckingham, halafu siku inaishia madukani Oxford Street. Jumba hili liko pale pale Trafalgar Square, mnapita mbele yake kila mara mkikimbilia basi.

Kuhusu sanaa sina cheti. Ninachokijua ni ngano. Nimekulia Basotu, wilaya ya Hanang, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya NAFCO, shirika la umma la kilimo la Tanzania, yale yaliyofunguliwa kwa msaada wa Kanada miaka ya 1970. Baba aliendesha kombaini, ile mashine ya kuvunia ngano. Msimu wa kuvuna ukifika tulikuwa hatumwoni mchana. Anarudi usiku, nyusi nyeupe kwa vumbi la makapi, anakohoa, anaoga, analala. Kwa hiyo nikisimama mbele ya ngano iliyochorwa, swali langu la kwanza si la mitindo wala shule za wachoraji. Najiuliza: hii imeiva? Imepigwa na ugonjwa wa kutu? Upepo unatoka upande gani?

Mchoro wenyewe si mkubwa kama watu wanavyodhani. Una sentimita 72 kwenda juu na 91 kwa upana, yaani mtu mmoja anaubeba kwapani. Chini kabisa kuna ukanda wa ngano ya njano, umelala kwa mshazari. Nyuma yake kuna vichaka vya kijani na mizeituni yenye majani ya kijivu, kisha vilima vya buluu vya Alpilles, kusini mwa Ufaransa. Kulia imesimama misaiprasi miwili, mmoja mdogo, mwingine umepanda hadi juu kabisa ya turubai. Nusu nzima ya mchoro ni mbingu, na mbingu hiyo haijatulia: mawingu yanajiviringisha, meupe yenye kijani na zambarau kwa mbali.

Sasa upepo. Hapa ndipo nilipomvulia kofia huyu bwana. Watu wengi wanaochora ngano wanachora masuke, moja moja, yamesimama wima yakisubiri kupigwa picha. Ngano ya kweli ukiitazama kutoka ukingo wa shamba huoni suke. Unaona mgongo wa kitu kimoja kikubwa kinachosogea. Upepo unaingia upande mmoja, unapitisha mkono, rangi inageuka kutoka njano kwenda karibu nyeupe kwa sababu mabua yameinama na mwanga umepiga ubavuni, halafu inarudi. Van Gogh amefanya hivyo hivyo kwa mipigo mifupi ya brashi, yote imeinamia upande mmoja, na katikati ya njano amechanganya kijani, rangi ya mchanga na karibu nyeupe. Ukisogea karibu unaona rangi imesimama juu ya turubai kama blubendi iliyopakwa kwenye mkate na mtoto asiyejua bei yake. Ukirudi nyuma hatua tatu, shamba linaanza kutembea. Nilifanya hivyo mara nyingi, mbele na nyuma, mpaka mlinzi wa chumba akawa ananitazama. Nikamtabasamia, akatabasamu, tukaendelea.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani wakulima tu ndio wanaligundua. Ngano yake ni ndefu. Ngano tuliyolima Hanang, na inayolimwa karibu kila mahali leo, ni fupi; inatoka kwenye kazi ya akina Norman Borlaug, yule mtaalamu wa mbegu aliyefanya kazi Mexico akapata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970. Walifupisha bua kwa makusudi, ili ukiweka mbolea suke zito lisiangushe mmea. Ngano ya mwaka 1889 ilikuwa bado na bua refu, inamfika mtu kiunoni na zaidi, na ndiyo maana upepo unaichezea vile. Ukiona mchoro huu ukadhani mchoraji ametia chumvi, hapana. Baba yangu angeitazama angesema ngano hii mvua moja tu ya mawe inalala yote, hakuna kombaini itakayoiokota.

Na yale maua mekundu ya popi pembeni chini, yanayopendwa na wanaopiga picha? Magugu. Mazuri, lakini magugu. Kwenye shamba letu bwana shamba angeuliza dawa ilipigwa lini.

Kilichonishangaza zaidi nilikijua baadaye, nilipokwenda kusoma habari zake. Mchoro huu wa London ulichorwa Septemba 1889. Mwenye kujua kilimo cha kule atashtuka hapo: Septemba hakuna ngano shambani Provence. Inavunwa mwishoni mwa Juni na Julai. Septemba ni mabua makavu na kunguru. Amechora nini basi?

Jibu ni kwamba amechora kutoka kwenye mchoro wake mwenyewe. Mei mwaka huo aliingia kwa hiari katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Saint-Paul-de-Mausole, nje ya mji wa Saint-Rémy. Mwanzo wa kiangazi, ngano ikiwa inaiva kweli, alichora shamba hili akiwa nje. Mchoro huo wa kwanza uko Metropolitan Museum, New York, tangu 1993. Kisha katikati ya Julai ugonjwa ukamrudia akiwa nje anafanya kazi, akakaa wiki kadhaa bila kuchora. Alipopata nafuu alirudia baadhi ya kazi alizozipenda, akiwa ndani. Huu wa London ni mmojawapo. Akatoa na mwingine mdogo wa shamba hilo hilo kwa ajili ya mama yake na dada yake.

Kwa hiyo ngano tunayoiona Trafalgar Square ilikuwa imeshavunwa na pengine imeshaliwa. Kwangu hilo linaeleza kitu nilichokihisi kabla sijakijua: kila kitu katika mchoro huu kimepangwa. Vilima vinafuata mkunjo wa mawingu, vichaka vinafuata vilima, ngano inafuata vichaka. Shambani halisi upepo hauna adabu kiasi hicho. Wako wanaosema ule wa New York una nguvu zaidi kwa sababu ulipigwa papo hapo, na huu umetulia mno. Ule sijauona kwa macho yangu, nimeuona kwenye kioo cha simu tu, kwa hiyo siwezi kuamua ugomvi. Ila kama huu ndio uliotulia, basi huyo mwenzake sijui anakaaje ukutani.

Misaiprasi nayo ina hadithi. Sisi tunaijua kama miti ya mbao na ya uzio, imepandwa kuzunguka shule na misheni nyanda zote za juu. Ile ya kusini mwa Ufaransa ni myembamba, imejikusanya. Juni ile ile Van Gogh alimwandikia mdogo wake Theo kwamba miti hiyo haimtoki kichwani, kwamba kwa umbo lake ni mizuri sawa na zile nguzo za mawe za Misri, na kwamba anashangaa hakuna mtu aliyeichora jinsi yeye anavyoiona. Alikuwa sahihi. Katika mchoro huu mti ule mrefu ndio kitu pekee kilichosimama wima. Vingine vyote vimelala au vinajipinda. Ukiuziba kwa kiganja chako (jaribu, funga jicho moja) mchoro mzima unamwagika upande wa kulia.

Nina lalamiko moja, na ni la kimoyo zaidi kuliko la kisanaa. Hakuna mtu. Shamba limeiva, limepita hata kuiva, na hakuna hata kofia ya mvunaji. Nilimtumia picha kaka yangu aliyeko Katesh, kwenye WhatsApp, nikamwambia hii ndiyo nimekuja kuitazama. Akanijibu kwa sauti: "Dada, huyo mwenye shamba yuko wapi? Hiyo ngano wiki ijayo inapukutika yote chini." Nilicheka peke yangu ndani ya jumba la watu. Lakini swali lake lilinikaa, kwa sababu sisi tunajua kwamba shamba linaloonekana tupu mara nyingi si tupu. Mashamba yale ya Basotu yalilimwa juu ya malisho ya Wabarbaig, na trekta zilipita hadi kwenye makaburi ya wazee wao. Watoto wa kota tulikuwa hatuambiwi. Tuliona njano hadi mguu wa Mlima Hanang, tukadhani imekuwa hivyo tangu Mungu aumbe. Haimhusu Van Gogh, najua. Yeye alikuwa mgonjwa, anatazama mashamba ya watu wengine. Ila mimi siwezi kuangalia ngano isiyo na watu nikaishia kusema "pazuri."

Haki imtendekee: wavunaji aliwachora. Miezi ile ile alichora mvunaji mwenye mundu ndani ya shamba la njano, zaidi ya mara moja. Sema hayupo kwenye mchoro huu.

Kama unataka ngano yenye watu, humo humo National Gallery kuna ya John Constable, "The Cornfield", ya mwaka 1826. Nayo niliipitia, na kwa kweli ilinifurahisha kwa sababu ambazo mchoraji hakuzikusudia. Ni mchoro mkubwa, umesimama wima, wa njia ya vumbi kijijini Suffolk. Kijana mdogo mchungaji amelala kifudifudi anakunywa maji ya kijito, kizibao chekundu. Kondoo wanatangulia njiani wenyewe. Mbele yao kuna geti, bovu, limeachwa wazi, na nyuma ya geti ni ngano iliyoiva! Mbwa yupo, lakini naye anaangalia kwingine kabisa. Mtu yeyote aliyekulia jirani na wafugaji anajua dakika tano zijazo kinatokea nini, na kesi itakavyokwenda hadi kwa mtendaji wa kijiji.

Constable alikuwa mtu wa mambo madogo madogo. Rafiki yake mtaalamu wa mimea alimwandikia orodha ya maua yanayotoka Julai kwenye njia kama ile, ili asikosee msimu. Lakini ngano yenyewe, nisamehewe, ni utepe wa njano kule nyuma. Imewekwa ili jicho lipate pa kwenda baada ya miti. Waingereza wanaupenda mno: Constable alipofariki mwaka 1837, marafiki na mashabiki wake walichanga fedha wakaununua na kuutoa kwa taifa. Mimi nampa nyota tatu, na mbwa nampa sifuri.

Van Gogh wetu yeye aliingia Uingereza kwa mlango mwingine. Samuel Courtauld, tajiri wa viwanda vya nguo, alitoa pauni 50,000 mwaka 1923 ili taifa linunue kazi za kisasa za Ufaransa, na mchoro huu ulinunuliwa kwa fungu hilo mwaka huo huo. Mchoro wake wa alizeti, ule ambao kila mtu anaujua, ulifuata mwaka 1924. Na hapo niseme jambo la manufaa: umati wote huwa mbele ya alizeti. Watu wanapanga mistari wapige selfi, halafu wanaondoka. Mgeni wako ukimwacha naye atafanya hivyo. Mpe dakika zake za alizeti, kisha mvute mkono mpaka kwenye ngano, ambako mara nyingi mtapata nafasi ya kusimama mtakavyo.

Sasa kopi. Baada ya kuutazama nilitamani niwe nao sebuleni, nikaagiza kopi ya turubai kwenye duka moja la mtandaoni, jina nalisitiri, sentimita 60 kwa 80, pauni 35 pamoja na usafirishaji. Ilifika haraka, imefungwa vizuri, na hapo sifa zinaishia. Rahisi huvunja upishi. Kwanza vipimo: mchoro halisi haukai kwenye 60 kwa 80, ukiubana kwenye upana wa 80 unahitaji zaidi ya 63 kwenda juu. Hizo sentimita tatu na ushei walizikata, na walizikata juu, kwa hiyo msaiprasi wangu hauna ncha. Nimekueleza kazi ya mti ule katika mchoro mzima. Kukata ncha yake ni kumnyoa bibi harusi.

Pili rangi. Mashine imeona njano ikaamua iwe njano ya kweli kweli, kama ya daladala mpya. Zile nyeupe na zile kijani zilizokuwa zikiifanya ngano isogee zimemezwa. Tatu, na hili halina dawa kwa kopi yoyote ya bei hiyo: ni bapa. Mchoro halisi unashika mwanga kwa mabonde ya rangi yake, ukisogea kichwa na wenyewe unabadilika. Kopi ukisogea kichwa inabaki ilivyo. Nimeitundika koridoni, karibu na mita ya umeme, panapofaa.

Ukitaka ukumbusho chukua kadi ya posta kwenye duka la jumba lenyewe. Ni ndogo, haijidai kuwa mchoro, na rangi zake nilizilinganisha mlangoni nikaona zinajitahidi. Au piga picha yako mwenyewe, inaruhusiwa bila flashi.

Mambo ya safari kwa ufupi. Jumba linafunguliwa saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni kila siku, na Ijumaa linaendelea hadi saa tatu usiku. Nawashauri sana Ijumaa jioni wale wa kazi za zamu kama mimi, kunakuwa na utulivu. Stesheni ya karibu ni Charing Cross. Tiketi ya bure unaweza kuichukua mtandaoni kabla ya kwenda. Mifuko inakaguliwa mlangoni, na tangu Oktoba 2024 vinywaji haviruhusiwi kuingia, maji yakiwemo, baada ya wanaharakati kumwagia michoro supu mara kadhaa. Maziwa ya mtoto na dawa hawazuii. Kwa hiyo mama mwenye chupa yako ya chai ya tangawizi, inywe yote kwenye ngazi za uwanja kabla hujapanga foleni. Viti vipo vyumbani kwa wazee. Na kwa kuwa michoro huhamishwa vyumba au kuazimwa kwenye maonyesho ya kwingine, angalia tovuti yao asubuhi ya siku unayokwenda, usije ukampandisha treni mama mkwe kutoka Birmingham ukamwonyesha ukuta mtupu.

Nyota nne na nusu kwa mchoro. Nusu nimeibakiza kwa ajili ya mvunaji ambaye hakutokea. Kopi, nyota moja, kwa ajili ya kufungashwa vizuri. Kaka naye ameshaomba, anataka ya kutundika kwenye duka lake la pembejeo pale Katesh, juu ya rafu ya mbegu. Nitampelekea kadi mbili za posta Desemba, ya pili aiweke kwa fundi wa fremu, na akiulizwa na wateja mbegu ile inaitwaje, ajibu mwenyewe.